Waliopita Njia ya Ujiji

Pembe ya ndovu iliyoingia Bagamoyo katika miaka ya 1860 ilikuwa imekaa begani mwa mtu tangu Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake aliongeza vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia, chungu, kibuyu cha maji, chakula cha siku kadhaa, na silaha kama alikuwa nayo. Alitembea hivyo miezi miwili au mitatu. Alivuka mbuga za Ugogo penye kiu, akapanda na kushuka milima ya Usagara, akavuka mto Kingani, ambao leo tunauita Ruvu, ndipo akafika pwani. Alilipwa kwa nguo, merikani na kaniki, akapumzika mjini, kisha akatafuta msafara unaopanda bara na kujitwika mzigo mwingine wa nguo, shanga na waya. Ilimpasa awahi, kwa sababu mvua zikianza shamba lake Unyamwezi lilikuwa likimngoja.

Mtu huyu ukimtafuta katika simulizi ya njia ya misafara ambayo wengi wetu tumeisikia, humwoni. Simulizi hiyo tunaijua vizuri. Kuna Mwarabu mwenye bunduki mbele, nyuma yake mstari mrefu wa watu waliofungwa shingo kwa shingo, wote wakielekea baharini, na hakuna anayerudi. Halafu anakuja Livingstone, wanakuja wamisionari, soko la Unguja linafungwa mwaka 1873, na giza linaisha. Tangu mwaka 2006 njia hii imo katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inayapendekeza kuwa Urithi wa Dunia, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina lililoandikwa huko linataja watumwa kwanza, pembe baadaye.

Minyororo ilikuwa ya kweli. Watu walikamatwa, wakauzwa, wakafa njiani, na yeyote anayejaribu kuipunguzia uzito dhuluma hiyo anawakosea waliofariki na walio hai. Ninachokitilia shaka ni ule mstari mmoja ulionyooka, unaomweka kila aliyepita njia hii mahali pamoja, akiwa na uso mmoja na mwisho mmoja. Kwa hiyo nilipoamua kuifuata njia kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa kilomita 1,200 hivi, nilichukua majina. Nilitaka kujua hawa watu waliopita hapa walikuwa akina nani, kila mmoja kwa kisa chake, na kama visa vyao vinakubali kukaa ndani ya ile simulizi kubwa.

Bagamoyo, kwenye eneo la misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu walioanza kazi hapo mwaka 1868, miembe mikubwa imepangwa kandokando ya njia iendayo baharini. Chini yake nilikuta mwalimu na wanafunzi wake wa shule ya msingi. Walikuwa wametoka kuziona pingu za chuma, chuma kizito chenye kutu ambacho mtu akikiona hahitaji maelezo marefu. Mwalimu akawaambia kwamba wote waliofika hapa kutoka bara walifika wakiwa wamefungwa hivyo. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa kwao walirudije?" Mwalimu akajibu kwa upole kwamba hawakurudi.

Swali la binti yule lilikuwa zuri kuliko jibu alilopewa. Wengi walirudi, na mwaka uliofuata wakaja tena. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kubeba mizigo katika njia hii ilifanywa na watu huru wa bara, Wanyamwezi na Wasukuma hasa, waliojiajiri kwa ujira. Walikuwa na ujuzi wao, viongozi wao, nyimbo zao, na masharti yao. Posho isipotolewa, hawakunyanyua mzigo. Wazungu waliosafiri nao wamejaza vitabu vyao malalamiko juu ya wapagazi wakaidi waliogoma au kutoroka usiku. Ukiyasoma malalamiko hayo kwa upande wa pili, unawaona wafanyakazi wanaojua thamani yao.

Tena, idadi kubwa ya watumwa waliouzwa Unguja walitoka upande wa kusini, nchi za Wayao na Ziwa Nyasa, na mlango wao wa kutokea ulikuwa Kilwa. Njia ya Bagamoyo ilikuwa kwanza njia ya pembe. Watumwa walipita humo, wengine wakiwa wamebeba pembe hizohizo, lakini anayetaka kujua wengi wao walikotoka lazima aelekeze macho kusini.

Huko kusini ndiko alikotoka Swema. Alikuwa mtoto wa Kiyao, na kisa chake kilichapishwa Ufaransa mwaka 1870, kutokana na maandishi ya Padre Anton Horner, mkuu wa misheni ya Unguja na baadaye Bagamoyo. Kitabu kilikusudiwa kuwagusa Wakatoliki wa Ulaya na kuifungua mikono yao, na kwa kazi hiyo kilifaa: msichana aliyezikwa akiwa hai Unguja kwa kudhaniwa amekufa, akasikika akilia kaburini, akaokolewa, akalelewa na masista, akabatizwa. Padre anausimulia ukombozi huo kwa mapana, maana ndiyo sehemu aliyoihitaji.

Lakini kabla ya kaburi kuna mambo mengine, na humo ndimo sauti ya Swema inasikika zaidi. Hakuna kikosi cha wavamizi katika mwanzo wa kisa chake. Kuna msiba wa baba, kuna njaa, kuna mama mjane aliyehamia ugenini, na kuna nafaka iliyokopwa kwa jirani. Deni likashindikana kulipwa. Msafara ulipopita, mwenye kudai akamchukua mtoto akamuuza. Mama yake akaomba kufuatana na msafara, akapewa mzigo abebe, ili mradi asiachane na mwanawe. Nguvu zikamwishia njiani, wakamwacha.

Tumwangalie mama huyu. Katika simulizi kubwa hana nafasi. Si mtumwa, kwa sababu hakuna aliyemnunua. Si mpagazi wa ujira. Si mfanyabiashara, wala hakuna aliyemwokoa. Ni mzazi aliyejitwika mzigo wa watu waliomnunua mtoto wake, kwa sababu hakuona njia nyingine ya kubaki naye. Jina lake limepotea, na tendo lake limetufikia kwa sababu tu mtoto alilikumbuka.

Deni hilohilo linajitokeza katika kisa cha mtu mwingine, mwanamume, aliyezungumza na mwandishi wa taifa jingine kwa madhumuni mengine kabisa. Sidi Mubarak Bombay alizaliwa Uyao karibu na mwaka 1820. John Hanning Speke, aliyesafiri naye, aliyaandika maelezo yake katika kitabu cha mwaka 1864. Bombay alieleza kwamba wafanyabiashara Waswahili walikizunguka kijiji chao na silaha, wakidai walipwe madeni ya zamani, ya wakati wa dhiki. Wanakijiji hawakuwa na cha kulipa. Waliokamatwa walipelekwa Kilwa, naye akiwa mvulana tu, na kutoka hapo Unguja, akatolewa kwa nguo, akachukuliwa na bwana wake hadi India. Baba yake hakumwona tena.

Watu wawili wasiojuana, walioandikwa na watu wawili wasio na nia moja, wanataja njaa na deni. Hapa ndipo ninapoona faida ya kuviweka visa kando ya simulizi kuu badala ya kuvimeza ndani yake. Simulizi inatupa adui kutoka nje, mwenye kilemba na bunduki. Visa hivi vinatuonyesha pia jirani mwenye ghala, mwaka wa ukame, na mjane asiye na ndugu wa kumtetea. Ukweli huu unauma zaidi, na nadhani ndiyo sababu hatuupendi.

Kisa cha Bombay hakikuishia utumwani. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, akarudi Unguja, akawa askari katika ngome ya Sultani karibu na Pangani, na huko ndiko Burton na Speke walikomkuta mwaka 1857. Akaenda nao hadi Ziwa Tanganyika, na Speke hadi ukingo wa kusini wa Ziwa Viktoria. Akaondoka tena na Speke na Grant mwaka 1860, akapita Buganda, akateremka na Mto Nile hadi Misri. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley. Mwaka 1873 alikuwa na Cameron, na safari hiyo ikamtoa Bahari ya Hindi ikamfikisha Bahari ya Atlantiki. Simulizi ya ugunduzi, ambayo nayo ni kubwa na bado ina wasomaji, inawataja Wazungu hao kila mmoja na safari yake. Mtu aliyekuwamo katika safari zote nne ni Bombay peke yake. Alifariki mwaka 1885, miaka tisa baada ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kumpa malipo ya uzeeni.

Kutoka Dar es Salaam nilipanda treni ya umeme ya SGR. Chini ya saa nne niko Dodoma. Nilikuwa nikichungulia dirishani kuitafuta Ugogo ya vitabu vya wasafiri, nchi ambayo wote waliiogopa kwa sababu ya maji na hongo, yaani ushuru wa kupita. Wasafiri waliwaita watemi wa Ugogo wanyang'anyi. Mwenye kisima nchi kavu kama ile, anayepitiwa na msafara wa mamia ya watu na kila mmoja anataka kunywa, angekuwa na maelezo yake kuhusu hongo. Maelezo hayo ni nadra kuyakuta katika vitabu vyao.

Tabora ndiyo moyo wa safari hii, na hapo nilikaa. Unyamwezi wa karne ya 19 ulikuwa nchi ya watu wanaosafiri. Watu wa wakati ule wameandika kwamba kijana ambaye hajawahi kufika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Walioondoka waliondoka baada ya mavuno, wakaja na mali ya kununulia ng'ombe na kuolea. Wapo wanawake waliofuatana na misafara, wakipika na kubeba, wengine wakipata ujira wao wenyewe. Mambo haya hayafanani hata kidogo na ule mstari wa shingo kwa shingo.

Kwihara, kilomita chache nje ya mji, nilizungumza na mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kivuli. Nilimsalimu, akaitikia marahaba, tukauliziana habari za nyumbani na za mvua kabla ya kuingia kwenye shida yangu. Nilimuuliza kama wazee wake walipata kuzungumzia misafara.

"Babu yake babu yangu alikwenda pwani kwa miguu yake, akarudi kwa miguu yake," akasema. "Hakufungwa na mtu. Alioa kwa nguo alizokuja nazo."

Nilifurahi, maana ndilo jibu nililokuwa nikilitafuta. Nikamuuliza: "Na alipokuwa pwani, babu, nani alikuwa akilima?"

Akanyamaza kidogo. "Walikuwapo watu wa kulima," akasema. "Watu waliokuja."

Hakuendelea, nami sikumsukuma. Lakini wanahistoria wamelieleza jambo hilo. Mali ya pembe na ya upagazi iliongeza idadi ya watumwa ndani ya Unyamwezi wenyewe. Watu walionunuliwa au kutekwa Manyema na kwingineko hawakufika pwani kamwe. Waliishia Tabora, Ujiji na vijiji vya katikati, wakilima mashamba ya watu ambao wenyewe walikuwa barabarani kutafuta ujira. Mpagazi huru, yule niliyemtaka awe shujaa wa makala hii, angeweza kuwa na mtumwa nyumbani. Na mtoto wa mtumwa huyo angeweza kuja kuwa mpagazi, akajilipia uhuru wake, akaoa, akawa babu wa watu.

Kwa hiyo simulizi mpya ya wapagazi huru nayo ina hatari zake. Tukiipokea kwa furaha na kuiacha ya zamani, tutakuwa tumebadilisha picha ya ukutani tu, na wale waliolima kimya watabaki hawaonekani kama walivyokuwa. Mzee wa Kwihara, kwa maneno yake machache na kwa kunyamaza kwake, alibeba visa vyote viwili kwa pamoja. Hajaona haja ya kuchagua kimoja.

Kwihara kuna tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Stanley alirudi pwani na kumpelekea mwenzake wapagazi wapya. Livingstone aliwangoja pale miezi kadhaa, akaondoka nao Agosti mwaka huohuo kuelekea kusini, safari ambayo hakurudi. Alifariki mapema Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia.

Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi kama kisa cha watumishi waaminifu. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilitengeneza medali 60 kwa ajili ya waliomleta, zikiwa na maandishi ya kusifu uaminifu wao hadi mwisho. Sifa hiyo ni ya kweli kwa kadiri yake, lakini inawafanya wote kuwa kivuli cha marehemu. Tuangalie walichokifanya. Bwana aliyewaajiri amekufa. Hakuna wa kuwaamuru wala wa kuwalipa. Wamo katika nchi ambamo kupatikana na maiti kungeweza kuwaletea kesi ya uchawi au faini kubwa. Walikaa kikao. Waliamua. Waliuzika moyo wa marehemu chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani wiki mbili, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti ufanane na mzigo wa kawaida wa biashara. Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa shule ya misheni ya Nassick huko India, alisoma ibada na kuchonga jina na tarehe kwenye mti. Kisha wakatembea.

Walipofika Unyanyembe walimkuta Cameron, Mzungu, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa akienda kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika safari ile. Watu waliopewa jina la watumishi walimsikiliza ofisa, wakapima hatari za njia iliyobaki, wakamwambia hapana. Mwezi Februari 1874 waliukabidhi mwili Bagamoyo, ukalazwa usiku mmoja kanisani kwa mapadre, ukavushwa Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Walilipwa mishahara yao wakaambiwa waende zao. Mmoja tu, Wainwright, alisafiri na jeneza hadi London na kuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika kanisa la Westminster, tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi, wenzake katika msafara ule, waliitwa Uingereza baadaye, wakati mazishi yamekwisha, na huko wakamsaidia Horace Waller kuziunganisha siku za mwisho za Livingstone katika shajara alizokuwa akizihariri.

Katika kundi hilohilo alikuwapo mpishi, Halima. Ni rahisi kumpita, na wengi wamempita. Livingstone mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba akifika naye Unguja atamkomboa na kumnunulia nyumba na bustani. Kumbe, basi, hadi wakati huo Halima alikuwa bado mtumwa wa mtu. Katika nyumba ya msafiri aliyesifika duniani kwa kuupinga utumwa, anayepika chakula ni mtumwa ambaye uhuru wake umeahidiwa siku zijazo, na aliyeahidi akafa njiani. Simulizi ya ukombozi haiwezi kumweka Halima popote bila kujikwaa, na simulizi ya wapagazi huru haiwezi vilevile.

Tatizo ni nani alishika kalamu. Swema ameandikwa na padre, Bombay na Speke, Chuma na Susi wamepitia kwa Waller, Halima kwa Livingstone. Kila mwandishi alikuwa na simulizi yake tayari kichwani, akachukua kisa kilipofaa na kukiacha kiliposumbua. Hata maandishi ya Waswahili wenyewe hayakujitokea tu. Carl Velten, aliyefundisha Kiswahili Berlin, ndiye aliyewaandikisha na kuwachapishia: *Safari za Wasuaheli* mwaka 1901, ambamo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, na *Desturi za Wasuaheli* mwaka 1903, kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, naye alimwandikia maisha yake Mjerumani mwingine, Heinrich Brode. Hata hivyo, ukiwasoma hawa unasikia mtu anayezungumza lugha yake na kujua anachokisema. Tippu Tip anaeleza biashara na vita vyake bila kuomba radhi, na anatusaidia kuelewa jinsi mambo yalivyofungamana: baba yake, mfanyabiashara wa pwani, alikuwa amemwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Mwarabu wa simulizi aliyetoka nje alikuwa pia mkwe wa nyumba.

Maisha ya Mtoro yenyewe yanatosha kuvunja simulizi mbili tatu. Alizaliwa mwaka 1869 Dunda, karibu na Bagamoyo, akaingia kazi ya serikali ya Wajerumani, akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata walijaribu kurudi pamoja Afrika Mashariki, wakuu wa koloni wakakataa mke wa Kizungu wa Mwafrika akanyage nchi kavu. Mtu aliyewaeleza Wajerumani desturi za kwao alizuiwa kuishi kwao na mkewe. Wakarudi Ujerumani, na huko ndiko alikofariki mwaka 1927. Huwezi kumwita Mtoro kibaraka wa wakoloni ukatulia, wala huwezi kumwita mpinzani wao.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa ujira ukafa. Miezi michache baadaye Vita Kuu ya Kwanza vikawarudisha watu kwenye mizigo, safari hii kwa kulazimishwa na pande zote mbili, na vifo vilikuwa vingi mno. Hilo linastahili makala yake.

Ujiji nilikwenda kwa sababu ndiko njia inakoishia, na mahali walipokutana Livingstone na Stanley panajulikana, sina la kuongeza. Niliyemfuata Ziwa Tanganyika ni mtu mwingine, na alama zake ziko kusini zaidi, Karema. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, Afrika Magharibi, katika miaka ya 1860. Aliibwa akiwa mtoto, akavushwa Jangwa la Sahara na kuuzwa, akanunuliwa na Mapadre Weupe Algeria. Walimsomesha udaktari Malta. Akafika Karema mwaka 1889, baada ya kuivuka nchi yetu kutoka pwani, akaoa binti wa mtemi wa Wabende, mwanawe akawa padre, na yeye akatibu watu wa ziwa lile mpaka alipofariki mwaka 1956.

Huyu ni mtu aliyekuwa mtumwa, aliyepita njia ya misafara akielekea bara, akiwa daktari. Mwanzo wake uko upande wa pili wa bara la Afrika. Kama simulizi yetu ya njia hii haina nafasi ya Atiman, wala ya mama yake Swema, wala ya waliolima mashamba ya wapagazi Kwihara, basi kasoro ni ya simulizi, si yao. Hatuwezi kuishi bila simulizi kubwa, maana nchi inahitaji kujieleza ilikotoka na watoto wale wa chini ya miembe wanahitaji kitu cha kushika. Lakini iwe inajengwa kutokana na watu, na mtu mmoja anapokuja na kisa kisichoingia, irekebishwe simulizi, asikatwe mtu.

Na visa bado vipo. Wajerumani hawakuufuta utumwa kwa sheria katika koloni hili. Walitoa hati za uhuru kwa mtu mmojammoja, na maelfu walizipata, wengi kwa kujilipia. Sheria ya kuufuta ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Maana yake ni kwamba wapo wazee wanaoishi leo ambao babu au bibi zao walizaliwa utumwani au walimiliki watumwa, na katika masanduku ya Bagamoyo, Tabora, Ujiji na Kilwa zinaweza kuwamo hati hizo, barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hesabu za misafara. Ukizikuta nyumbani kwenu usizichome wala usiziuze kwa mtalii. Zipige picha, andika nyuma ya picha majina ya waliotajwa na uhusiano wao na wewe, kisha mwone mtu wa Nyaraka za Taifa au idara ya historia ya chuo kikuu kilicho karibu. Na bibi yako akikuambia kwamba ukoo wenu una watu "waliokuja", keti chini umsikilize, hata kama kisa hicho hakiwapi heshima mliyoizoea.